Kufumua na Kuimarisha Sitaha ya Boti ya Faiba: Mwongozo kwa Wamiliki na Mafundi wa Boko na Viunga vyake

Na Mwandishi Wetu

Wamiliki wengi wa vyombo vya majini huamini kwamba boti ya faiba haiozi. Imani hiyo ina ukweli nusu. Nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini haziliwi na fukusi wala haziozi kama mbao za mashua na ngalawa. Hata hivyo, ndani ya boti nyingi za faiba mna mbao: plaiwudi chini ya sitaha, maboriti yaliyolazwa kwa urefu juu ya sakafu ya ngama, na ubao mnene wa shetri unaobeba injini. Mbao hizo zimefichwa ndani ya ganda la faiba na zikipata maji huoza bila mtu kuona. Siku sitaha inapobonyea chini ya unyayo wa baharia, uozo huo huwa umekwishafanya kazi yake kwa miaka kadhaa.

Boko ni kiunga cha Manispaa ya Kinondoni kilichopo kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, kati ya Tegeta na Bunju. Upande wake wa mashariki iko pwani ya Mbweni na Ununio, na kusini zaidi ni Kunduchi, mahali ambapo wavuvi na wasafirishaji wa watalii wa kisiwa cha Mbudya hutia nanga. Kwa wakazi wa ukanda huu boti ni mtaji wa familia. Uamuzi wa kuikarabati au kuiacha unagusa ada za shule na chakula cha nyumbani, na ukarabati uliofanywa ovyo unagusa uhai wa watu wanaopanda chombo hicho.

Umuhimu wa elimu hii unaongezeka kadiri boti za faiba zinavyoenea nchini. Mwezi Januari 2024, jijini Mwanza, Mheshimiwa Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa wavuvi na wafugaji wa samaki, ikiwa ni sehemu ya jitihada za kukuza uchumi wa buluu. Kila boti mpya ya leo itahitaji matengenezo siku moja, na mafundi wenye ujuzi sahihi ndio watakaoamua iwapo itadumu miaka mitano au ishirini.

Kazi ya sitaha katika chombo

Ganda la boti ya faiba, likiachwa peke yake, ni jembamba na hunepa. Uimara wa chombo unatokana na mambo matatu yanayosaidiana: ganda lenyewe, maboriti ya ndani, na sitaha inayofunga juu kama kifuniko cha sanduku. Sanduku lisilo na kifuniko hupindika kwa urahisi, na likifunikwa na kugundishwa kingo zote hukaza. Ndivyo ilivyo kwa boti. Kwa hiyo sitaha ina kazi kubwa kuliko kuwa sakafu ya kukanyagia: hugawanya mapigo ya mawimbi, huzuia ganda lisitanuke, na hufunga nafasi ya hewa au povu linaloisaidia boti kuelea inapojaa maji.

Teknolojia hii si ngeni. Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kibiashara nchini Marekani katika miaka ya 1930, na katika muongo uliofuata zikaanza kuundiwa boti. Waundaji wengi walipendelea kuweka plaiwudi kati ya matabaka ya faiba kwa kuwa ni rahisi, ni nyepesi na hukaza vizuri. Udhaifu wake ni mmoja: kila tundu la skrubu, kila nanga ya kamba na kila mguu wa kiti uliofungwa bila kuzibwa ni mlango wa maji.

Namna ya kutambua uozo

Fundi asiharakishe kukata. Aanze kwa kugonga sitaha kwa nyundo ndogo au mpini wa plastiki, hatua kwa hatua, kutoka omo hadi tezi. Mahali pazima hutoa mlio mkavu na mkali. Mahali palipooza, au ambapo faiba imeachana na ubao, hutoa mlio mzito uliofifia. Kila sehemu yenye mashaka izungushiwe alama ya chaki, ili mwishoni ramani nzima ya ugonjwa ionekane.

Hatua ya pili ni kutoboa matundu madogo kwa keekee katika sehemu zilizotiwa alama. Unga wa mbao unaotoka ukiwa mkavu na wenye rangi ya mbao, hapo pako salama. Ukiwa mweusi, wenye majimaji au harufu ya uvundo, ubao umekwisha. Matundu hayo yazibwe baadaye kwa resini, hata kama ubao umeonekana mzima.

Mmiliki akague pia maboriti na ubao wa shetri. Ni nadra sitaha kuoza peke yake, na kuweka sitaha mpya juu ya maboriti yaliyooza ni sawa na kuezeka bati jipya juu ya kenchi zilizoliwa na mchwa. Iwapo ganda lenyewe lina nyufa ndefu zinazopita upande wa pili, au shetri inatikisika injini inapoinuliwa, mmiliki atafute ushauri wa mkaguzi kabla ya kutumia fedha. Zipo boti ambazo gharama ya kuzifufua inazidi thamani yake.

Maandalizi kabla ya kukata

Kosa linaloharibu boti nyingi hutokea kabla ya tone la kwanza la resini kumwagwa, nalo ni kuondoa sitaha wakati ganda halijategemezwa. Sanduku likiondolewa kifuniko, kuta zake hutanuka au kubinya. Sitaha mpya ikigundishwa wakati huo, umbo lililopinda linabaki hivyo daima, na boti itavuta upande mmoja baharini.

Boti iwekwe mahali palipo tambarare, juu ya vitegemezi vilivyopanuliwa na kutiwa mto wa zulia au mpira, vikifuata umbo la ganda chini ya mkuku na chini ya mbavu. Pimamaji itumike kuhakikisha boti haijalala upande. Kisha mbao imara zifungwe kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, angalau sehemu tatu: karibu na omo, katikati na karibu na shetri. Fundi apime upana katika kila sehemu, apime pia mshazari kutoka pembe hadi pembe, na aandike vipimo hivyo ukutani au daftarini. Vipimo hivyo virudiwe kila siku ya kazi. Vikibadilika, kazi isimame hadi sababu ijulikane.

Betri, tangi la mafuta, nyaya na usukani vitolewe kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama ndani ya ngama. Cheche moja ya grainda inatosha kuuwasha. Ngama ioshwe kwa maji na sabuni na kupitishwa hewa kabla ya kifaa chochote cha umeme kuwashwa. Picha zipigwe kila hatua, kwa kuwa kumbukumbu ya mahali nyaya na mabomba yalipopita hupotea haraka.

Kukata na kufumua

Msumeno wa umeme urekebishwe ili jino lake lipite unene wa sitaha tu, lisiguse maboriti wala ganda. Mstari wa kukata upitishwe sentimita 5 hadi 8 ndani ya ukingo wa boti, ili ubaki mdomo wa faiba ya zamani utakaopokea sitaha mpya. Ikiwa mdomo huo nao umeoza kwa chini, ubao uliooza ukwanguliwe na faiba ya juu ihifadhiwe.

Sitaha ya zamani isitupwe mapema. Hata ikiwa imebonyea, ndiyo kielelezo bora cha kukatia plaiwudi mpya. Iwapo haitoki nzima, kadibodi ya maboksi ilazwe juu ya uwazi na kukatwa kwa kufuata umbo.

Chini ya sitaha mara nyingi fundi atakuta povu lililomiminwa kiwandani. Povu likiwa limekunywa maji, litolewe lote. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, hivyo povu lililobeba lita 200 huongeza kilo 200 katika chombo, sawa na abiria watatu ambao hawakuhesabiwa. Hii ni sababu mojawapo ya boti kukaa chini majini na kula mafuta kuliko zamani, hali ambayo wengi huilaumu injini.

Maboriti yaliyooza yatolewe moja moja. Kuondoa yote kwa mkupuo kunanyima ganda uti wake wa mgongo. Boriti la kwanza litolewe, libadilishwe na kukauka ndipo la pili liguswe.

Baada ya kufumua, ndani ya boti paachwe pakauke. Ili kujua kama faiba imekauka, kipande cha nailoni angavu kibandikwe juu yake kwa gundi ya karatasi pande zote na kuachwa usiku kucha. Matone yakionekana chini ya nailoni asubuhi, unyevu bado upo. Kwa ukanda wa Dar es Salaam, miezi ya Juni hadi Septemba hufaa zaidi kuliko majira ya masika ya Machi hadi Mei, mradi pawepo turubai la kukinga vumbi linaloletwa na upepo wa kusi.

Kuchagua vifaa

Plaiwudi iwe ya majini, yenye gundi isiyoyeyuka kwa maji na isiyo na mapengo kati ya matabaka yake. Kwa boti ndogo, unene wa milimita 12 ni wa kawaida, na boti iliyojengwa kwa unene mwingine irudishiwe unene wake wa awali. Mbao nzito zenye mafuta ya asili, kama mtiki, hazishikamani vizuri na resini ya poliesta na huongeza uzito bila faida.

Resini zinazotumika ni za aina mbili kuu. Poliesta ni ya bei nafuu na ndiyo iliyotumika kuunda boti nyingi. Epoksi ni ghali zaidi, lakini hushika faiba ya zamani na mbao kwa nguvu kubwa kuliko poliesta. Fundi anayetumia epoksi ahakikishe mkeka wake unaendana nayo, kwa sababu mikeka mingi ya nyuzi zilizokatwa imeshikanishwa kwa gundi inayohitaji kuyeyushwa na poliesta. Aidha, jelikoti ya poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, na mara nyingi rangi ya boti hutumika badala yake.

Kwa upande wa povu, litumike povu gumu ambalo halinywi maji. Sponji ya godoro haifai hata kidogo. Povu jeupe la kufungashia runinga na majokofu nalo lina hatari yake: huyeyuka likiguswa na petroli au resini ya poliesta.

Hesabu ya resini

Mafundi wengi hukadiria kwa macho. Kukadiria huko ndiko kunakozaa faiba dhaifu au nzito kupita kiasi. Chukua mfano wa sitaha yenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, yaani mita za mraba 3. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba utakuwa na uzito wa kilo 1.35 kwa tabaka moja. Kanuni ya kawaida kwa mkeka wa nyuzi zilizokatwa ni resini mara 2.5 ya uzito wa mkeka, kwa hiyo tabaka moja litahitaji takribani kilo 3.4 za resini na litaacha unene wa karibu milimita 1.

Matabaka mawili juu na moja chini ya plaiwudi yatakuwa na uzito wa takribani kilo 14. Plaiwudi ya milimita 12 ya ukubwa huo huwa na uzito wa kilo 22 hivi. Jumla ni kama kilo 36. Mmiliki anayemwambia fundi aongeze matabaka ili boti iwe imara zaidi akumbuke kwamba uzito unaowekwa juu hupunguza utulivu wa chombo kwenye mawimbi. Uimara hutokana na kuunganisha vizuri kuliko kurundika.

Kigumisho cha poliesta huwekwa kwa kiwango cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Katika joto la Dar es Salaam, kiwango cha chini ndicho kinachompa fundi muda wa kutosha. Kilo 1 ya resini huhitaji gramu 10 hadi 20 tu, hivyo mizani ndogo ni kifaa cha lazima. Ichanganywe resini kidogo kidogo, kiasi kinachoweza kutumika ndani ya dakika kumi na tano. Resini iliyobaki kwenye ndoo hupata moto yenyewe na huweza kutoa moshi au kuwaka, kwa hiyo imwagwe kwenye chombo kipana na kuwekwa nje, mbali na mbao na petroli.

Kuimarisha na kufunga sitaha mpya

Faiba ya zamani isuguliwe kwa msasa mkali hadi mng'ao wake uishe na nyuzi zake zionekane. Resini mpya haishiki juu ya rangi, mafuta wala uchafu. Pale faiba mpya itakapokutana na ya zamani, ukingo uchongwe mteremko mrefu. Kipimo kinachopendekezwa ni mteremko wa 12 kwa 1, yaani faiba yenye unene wa milimita 5 ichongwe kwa upana wa milimita 60. Mteremko mfupi huacha mshono unaopasuka.

Boriti jipya lipakwe resini pande zote, lilazwe juu ya rojo ya resini iliyokolezwa, na kona zake zijazwe rojo hiyo kwa umbo la mviringo. Nyuzi za kioo hazipendi kona kali, kwani huinuka na kuacha hewa. Kisha vipande vya mkeka vifunike boriti na kushuka juu ya ganda, kila tabaka likiwa pana kuliko lililotangulia. Matundu ya kupitishia maji yaachwe chini ya boriti, nayo yawekewe mrija uliozungushiwa faiba ili ubao usiguswe na maji yanayopita.

Plaiwudi ya sitaha ikatwe, ijaribiwe mahali pake, kisha itolewe. Upande wake wa chini uwekewe faiba ikiwa imelazwa juu ya meza, kwa kuwa kazi ya kupaka resini juu ya kichwa haiwi nzuri. Kingo zote zinyweshwe resini mara mbili, maana maji huingilia huko kwanza. Baada ya kukauka, sitaha ilazwe juu ya maboriti yaliyopakwa rojo, ikandamizwe kwa mizigo au skrubu za muda, na rojo inayotoka pembeni ilainishwe.

Matabaka ya juu yafuate, yakivuka mteremko uliochongwa. Rola ya chuma ipitishwe hadi vipovu vyeupe vya hewa viishe. Yasiwekwe zaidi ya matabaka matatu kwa mkupuo mmoja, kwani joto linalozalishwa laweza kuunguza au kupindisha kazi. Resini ya poliesta ya kawaida hubaki na unato juu yake, jambo linalosaidia tabaka linalofuata kushika ndani ya siku hiyo hiyo. Ikipita zaidi ya siku moja, uso usuguliwe tena. Tabaka la mwisho litiwe nta maalumu ili likauke kabisa, na mchanga safi mkavu unyunyizwe mahali pa kukanyagia ili kuzuia kuteleza.

Skrubu zote za viti na vifaa zitobolewe tundu kubwa kwanza, tundu lijazwe resini, kisha litobolewe upya katikati. Hapo skrubu itakaa ndani ya resini na ubao hautaguswa. Kazi hii ya dakika chache ndiyo inayotenganisha sitaha itakayodumu na ile itakayofumuliwa tena.

Usalama wa fundi na wa mazingira

Vumbi la faiba huwasha ngozi na kuumiza mapafu, na mvuke wa resini huleta kizunguzungu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Fundi avae barakoa yenye vichujio vya vumbi na vya kemikali, miwani, glavu na nguo za mikono mirefu, na afanye kazi mahali penye hewa. Kigumisho cha peroksaidi kikiingia jichoni, lioshwe mara moja kwa maji mengi yasiyopungua dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Kigumisho hicho kisichanganywe kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, kwani mchanganyiko huo hulipuka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwakinga wafanyakazi wake, hata akiwa na karakana ndogo ya uani.

Mabaki ya faiba yasichomwe wala kufukiwa ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kusugua faiba kwenye mchanga wa ufukwe hupeleka vumbi lake moja kwa moja majini, mahali ambapo samaki wa kesho wanakulia. Mabaki yafungwe kwenye mifuko na yakabidhiwe kwa utaratibu wa halmashauri.

Kabla ya kurudi majini

Kazi ikikamilika, boti isipelekwe kuvua siku hiyo. Iachwe ikomae kwa siku kadhaa. Vipimo vya upana na mshazari virudiwe. Sitaha igongwe tena kwa nyundo, watu wasimame juu yake kwa pamoja, na ngama imwagiwe maji ili kuona kama yanapita hadi kwenye tundu la kutolea. Safari ya majaribio ifanyike bahari ikiwa shwari, karibu na ufukwe, makoti ya kuokolea maisha yakiwa yamevaliwa.

Usajili na ukaguzi wa vyombo vya majini Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa upande wa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Mmiliki aliyebadilisha sitaha na maboriti amegusa muundo wa chombo chake, hivyo ni wajibu wake kumwita mkaguzi kabla ya kupakia abiria au wavuvi. Picha zilizopigwa wakati wa kazi zitamsaidia mkaguzi kuona kilichofunikwa.

Kwa vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa taaluma, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) una kampasi Mbegani, wilayani Bagamoyo, mwendo wa barabara hiyo hiyo inayopita Boko. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye boti ya faiba, ufa huo mara nyingi ni tundu moja la skrubu lisilozibwa, na ukuta ni sitaha nzima.